Mhariri, Kikorea kifundishwe kwa Kiswahili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie namna vijana wetu hapa Dodoma wanavyofundishwa kusema mambo ya kesho kwa Kikorea. Nina duka la steshenari Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Kabla ya duka nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, somo langu Kiswahili, mpaka nilipostaafu. Karatasi za wanafunzi zinapita mikononi mwangu kutwa nzima: barua za maombi ya kazi, ripoti za mafunzo kwa vitendo, vyeti vya kuzaliwa vya kutolewa kopi. Siku hizi zimo pia za Kikorea, na hizo huwa nazisoma kabla sijaziweka kwenye mashine.

Ombi langu nalisema mapema ili msomaji asilitafute. Kikorea cha hatua ya kwanza kielezwe kwa Kiswahili, na maelezo hayo yaanzie pale panapowakwamisha vijana zaidi, yaani kueleza mipango na nia.

Wapo watakaouliza Kikorea kinatuhusu nini sisi wa Ugogoni. Vijana wengi walivutwa na tamthilia zinazorushwa kwenye televisheni zetu, hilo halina ubishi. Lakini hawakuishia hapo. Treni ya umeme inayoshusha abiria hapa Dodoma tangu mwaka 2024 inavutwa na vichwa vilivyotengenezwa na Hyundai Rotem ya Korea Kusini, na ile treni ya Mchongoko nayo imetoka kiwandani kwao. Hospitali ya Mloganzila na Daraja la Tanzanite vilijengwa kwa mikopo ya nchi hiyo. Juni 2024 Rais Samia alikuwa Seoul kwenye mkutano wa Korea na nchi za Afrika. Kijana wa uhandisi au uuguzi anayeona hayo yote akaamua kujifunza lugha ya watu hao, mimi namuona ana akili timamu.

Herufi zao hazimsumbui mtu. Mfalme Sejong alizitunga mwaka 1443 na kuzitangaza mwaka 1446 ili hata mkulima aweze kusoma, na kweli zinasomeka: konsonanti 14 za msingi na irabu 10. Nimeona vijana wakiziandika vizuri ndani ya muda mfupi. Katika barua hii natumia herufi za Kirumi ili kila msomaji afuate, ila anayejifunza kweli azizoee zile zao mapema, kwa sababu herufi za Kirumi zinadanganya sikio.

Kizingiti kiko kwenye mwisho wa kitenzi. Kikorea kinaweka kitenzi mwisho wa sentensi, na mkiani mwa kitenzi hicho ndimo mnamokaa wakati, nia, ahadi, heshima, kila kitu. Sisi tunaweka mbele: ni-ta-soma, mtu anajua tangu silabi ya pili kuwa ni jambo lijalo. Wao unasubiri mpaka mwisho. Hapo mwanafunzi anahitaji maelezo ya kutosha, na hapo hasa ndipo anapopewa maelezo haba.

Kuna darasa moja la kulipia hapa mjini, silitaji jina, ambalo karatasi zake huletwa dukani kwangu kutolewa kopi. Ukurasa wa mambo yajayo una safu mbili. Kushoto kuna Kikorea: gal geoyeyo, galgeyo, gagetseumnida. Kulia kuna neno moja la Kiingereza limerudiwa mara tatu, lile la wakati ujao. Basi. Hakuna mfano, hakuna maelezo, chini kuna zoezi la kujaza nafasi.

Binti mmoja wa Kondoa, aliyepanga chumba nyuma ya duka langu, alikuja na karatasi hiyo jioni moja.

"Shikamoo, Mama. Naomba kopi mbili."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie, haya maneno matatu yana tofauti gani?"

"Yote ni nitakwenda, Mama."

"Sasa Wakorea wanayo matatu ya nini?"

"Tumeambiwa tukariri. Mtihani ni Alhamisi."

Binti huyu ana bidii na anaelewa haraka. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili kama watoto wengi wa nchi hii, Kiingereza cha kufundishiwa akakikuta kidato cha kwanza, na sasa anatakiwa kuielewa lugha ya tatu kwa kupitia ile ambayo mwenyewe bado anaitafutia njia. Ni sawa na mtu wa Dodoma anayekwenda Iringa kuambiwa apitie Dar es Salaam, na barabara ya Mtera ipo, ina lami. Na mimi mtoto wa Kigogo nisiyekuwa na Kiswahili nyumbani najua vizuri: lugha ngeni inaingia ikikaribishwa na lugha unayoimudu.

Tukakaa kwenye benchi la nje, wakaongezeka na wenzake wawili, tukaiweka pembeni ile safu ya kulia na kuanza kuuliza: mtu wa kwetu angesemaje?

Tuchukue gal geoyeyo. Huu ni mpango ambao msemaji anao tayari kichwani. Rafiki anakuuliza, "Jumare mwo hal geoyeyo?", yaani wikiendi utafanya nini, nawe unajibu kwamba utakwenda Kondoa. Ulishapanga, unatoa taarifa. Hii ndiyo nitakwenda ya kawaida, na -ta- yetu inaibeba bila shida. Hata matumizi yake ya pili yanafanana na yetu. Ukigonga mlango wa mtu ukauliza kama yupo, jirani asiye na hakika atakwambia, "Atakuwa yupo ndani." Hajasema habari za kesho, anakisia ya sasa hivi kwa kutumia -ta-. Mkorea naye hufanya hivyo hivyo: jibe isseul geoyeyo, atakuwa yuko nyumbani. Mtoto wa Kiswahili haihitaji kanuni hiyo kwenye karatasi, anayo tangu anyonyeshwe.

Tena kitenzi kikiishia na irabu, kama ga- ya kwenda, unasema gal geoyeyo. Kikiishia na konsonanti, kama meok- ya kula, inaingizwa eu katikati ili ulimi upite: meogeul geoyeyo. Wanafunzi wanaona hilo ni balaa. Nikawauliza kwa nini hatusemi nitala chakula, tunasema nitakula. Vitenzi vyetu vifupi navyo vinataka kusaidiwa: nitakula, nitakuja, nitakunywa, ile ku haiondoki. Waliposikia hivyo wakaacha kulalamikia eu.

Galgeyo ndiyo iliyotuweka muda mrefu, nami naomba Mhariri univumilie hapa. Galgeyo inamhitaji mtu wa mbele yako. Unaisema ukiwa umemsikia, umemuona, na sasa unaamua au unaahidi kwa ajili yake. Mwalimu anauliza darasani nani atafuta ubao. Anayeinuka husema, "Jega halgeyo," umbo lile lile kwa kitenzi ha- cha kufanya. Kwa Kiswahili cha Dodoma huyo anasema, "Acha nifute mimi." Mko mgahawani, bili imekuja, mwenzako anapapasa mfuko, unamzuia: acha nilipe mimi. Mama yako ana wasiwasi na safari, unamwambia jeonhwahalgeyo, nitakupigia, usiwe na wasiwasi. Mtu anakuita kutoka nje, unaitikia, "Haya, nakuja!" Hizo zote ni galgeyo. Sasa yule aliyeulizwa habari za ubao akijibu "jega hal geoyeyo", amesema kwamba kufuta ubao ni mpango wake aliokuja nao kutoka nyumbani. Sarufi haina kosa, lakini aliyeuliza atamshangaa.

Kwa kuwa ni ahadi ya msemaji, galgeyo haiwezi kumsemea mtu mwingine. Huwezi kuitumia kusema kaka yangu atakuja, wala huwezi kuigeuza swali la utakuja lini. Karatasi nyingine za lile darasa zinaandika kanuni hii kwa Kiingereza kwa mstari mmoja wa istilahi za sarufi ambazo hata mimi niliyefundisha lugha nilizisoma mara mbili. Kwa Kiswahili inatosha kumuuliza mtoto: unaweza kusema "acha nifute mimi" kwa niaba ya kaka yako ambaye hayupo? Anacheka, ameshaelewa.

Ile ya tatu, yenye -get-, ni ya rasmi. Mtangazaji, mwenyekiti wa kikao, mfanyakazi mbele ya bosi wake. Sijakhagetseumnida, tunaanza sasa. Algetseumnida, nimeelewa, ambayo wala haina habari ya kesho. Hiyo izoeleke kwa kusikia.

Nafika kwenye ile iliyonifanya niamue kuandika barua hii. Wakorea wana garyeogo haeyo, nakusudia kwenda, nia ipo lakini mambo hayajakamilika. Ndiyo inayofaa kwa mtu anayesema anakusudia kuomba nafasi ya masomo, au anakusudia kuhamia Ihumwa nyumba ikiisha. Sasa umbo hilo hilo la -ryeogo haeyo wanalitumia pia kwa kitu kisicho na nia. Biga oryeogo haeyo. Bi ni mvua, na -ga inaonyesha kiima. Kwa Kiingereza wanafunzi wameandikiwa maelezo marefu ya jambo lililo karibu kutokea. Mhariri, wingu likitanda juu ya mlima wa Mlimwa mwezi wa kumi na mbili, sisi tunasema nini? Mvua inataka kunyesha. Basi likiwa linaunguruma pale Nzuguni na kondakta amening'inia mlangoni, tunasema basi linataka kuondoka. Mkorea anasema beoseuga chulbalharyeogo haeyo. Mvua haina nia, basi halina nia, na lugha zote mbili zimeona sawa kuyapa maneno ya nia. Mtanzania anayefundishwa jambo hili kwa Kiswahili analipata kwa pumzi moja. Kwa Kiingereza anapewa kanuni mbili tofauti za kukariri, kwa sababu mvua ya Kiingereza haitaki kitu.

Likiwekwa katika wakati uliopita, garyeogo haesseoyo, linakuwa nilikusudia kwenda, na anayesikia anajua tayari kuna "lakini" inakuja. Nilikusudia kwenda, mgeni akanifikia. Nilitaka kukupigia, simu ikazima. Tunasema hivyo kila siku.

Halafu kuna mannagiro haesseoyo. Vijana walikuwa wanaitafsiri "tulikutana" kwa kuwa wameona alama ya wakati uliopita mwishoni. Siyo. Ni tumepanga kukutana, tumekubaliana. Toyoire mannagiro haesseoyo, Jumamosi tumepanga kukutana. Uamuzi umeshafanyika, kukutana bado. Ndiyo maana wao wanatumia wakati uliopita, na ndiyo maana nasi tunatumia -me-: nimeamua kuacha sigara, tumepanga harusi iwe Agosti. Kijana aliyekosea hapa kwenye mtihani wa kusikiliza anachagua jibu kwamba watu wale walikwisha kuonana, na alama imepotea.

Siwezi kudai Kiswahili kinafungua kila mlango. Gago sipeoyo ni nataka kwenda, lakini ukimsemea mtu mwingine unapaswa kubadili, gago sipeohaeyo, maana Mkorea hajipi uhakika wa kilichomo moyoni mwa mwenzake. Anasema tu kwamba anaonyesha kutaka. Sisi tunasema nataka, anataka, hatutofautishi. Hapo mwanafunzi afundishwe polepole, kwa mifano mingi. Sauti nazo zina ugumu wake, hasa hiyo geo ya geoyeyo ambayo si o yetu wala si a yetu, na ambayo ikifuata l ya gal hutamkwa kwa kukaza. Hilo linataka mwalimu wa mdomo, karatasi haitoshi.

Ila kwa maneno ya siku zenyewe tumewashinda wengi. Kikorea kina naeil, more, geulpi, geugeulpi. Kiingereza kinaweza ya kwanza kwa neno moja, zinazofuata kinaanza kuhesabu. Sisi tunazo zote: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Nne kwa nne. Wale vijana watatu hawakuwa wamewahi kulisikia neno mtondogoo, wakaliandika kando ya geugeulpi kwenye daftari, na sasa wanalitumia kuagana hapa mtaani. Niliwahi kulifundisha neno hilo darasa la nne likasahauliwa. Limerudi kwa kupitia Kikorea, na nimefurahi sana.

Na huku kwetu mipango mingi hutegemea mvua. Biga omyeon simeul geoyeyo: mvua ikinyesha nitapanda. Ile -myeon ni -ki- yetu. Mtoto wa mkulima wa uwele wa Mvumi au Bahi sentensi hiyo ameisikia nyumbani tangu Novemba mpaka Januari, na mwalimu anayejua kwao angeanzia hapo. Badala yake zoezi lililochapwa linamwambia aseme theluji ikianguka atakwenda kuteleza mlimani.

Kuna pia suala la heshima, nalo huku halihitaji mahubiri. Ukimuuliza mkubwa atakwenda lini, unaingiza si katikati: gasil geoyeyo, siyo gal geoyeyo. Mtoto aliyelelewa kwa shikamoo anajua kwamba hamuulizi babu yake kama anavyomuuliza mwenzake wa umri mmoja. Anahitaji tu kuonyeshwa kwamba Wakorea heshima hiyo wameiweka ndani ya kitenzi.

Kwa nini nashupalia mipango na nia kuliko, tuseme, kununua vitu sokoni? Kwa sababu ndiyo watakayoulizwa. Ufadhili wa serikali ya Korea, ule unaoitwa GKS, unamtaka mwombaji aandike mpango wa masomo: atasoma nini, kwa nini, akimaliza atafanya nini. Anayechaguliwa kwa kawaida anakaa mwaka mzima akijifunza lugha, na lazima afikie daraja la tatu la mtihani wa lugha ya Kikorea uitwao TOPIK ndipo aendelee na shahada. Ule wa mwanzo, TOPIK I, una maswali 30 ya kusikiliza na 40 ya kusoma, jumla alama 200. Ukipata 80 umeshika daraja la kwanza, 140 la pili. Maongezi mengi ya hatua hiyo ni ya watu wanaopanga: tukutane wapi, likizo utakwenda wapi, acha nikusaidie kubeba. Mwanafunzi anayedhani maumbo yote ni nitakwenda anasikia maneno na anakosa kilichosemwa.

Yule binti wa Kondoa aliniletea mpango wake nichape. Alikuwa ameuandika kwa Kiingereza, na chini akaongeza sentensi mbili za Kikorea alizotunga mwenyewe baada ya yale mazungumzo ya benchini. Ya kwanza: jeoneun hangugeseo gongbuharyeogo hamnida, nakusudia kusoma Korea. Ya pili alitaka kusema atarudi kuhudumia kwao. Akanieleza kwa nini hakuandika -ryeogo. "Mama, kusoma ni nia, sijapata nafasi. Kurudi nimeshaamua, na hawa ni watu wakubwa, basi naweka -get-." Akaandika doragetseumnida, akasita, akafuta kwa raba, akasahihisha: doraogetseumnida. Hakuna aliyemwelekeza. Karatasi ile ya safu mbili isingemfikisha hapo.

Nataka wasomaji walifikirie jambo moja zaidi. Kule Korea, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni kinafundisha Kiswahili, na kimekifundisha miaka mingi. Vijana wa Kikorea wanaojifunza -ta- na -me- na -ki- wanaelezwa kwa lugha yao. Walimu wao walikaa wakatafuta kila umbo la Kiswahili linakutana wapi na Kikorea. Kazi hiyo, kwa upande wao, wameifanya. Kwa upande wetu bado tunachukua vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza, tunavitoa kopi shilingi 100 ukurasa, na tunawaambia watoto wakariri. Nchi yenye BAKITA, yenye TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yenye wahadhiri wa Kiswahili hapa hapa kilimani Chuo Kikuu cha Dodoma, haipaswi kuwa hapo.

Nimesikia hoja kwamba Kiingereza ni lazima kwa kuwa mwalimu Mkorea hajui Kiswahili. Ni kweli kwa baadhi yao, na sina ugomvi nao. Wengine wamekuja kwa kujitolea, wanafundisha kwa moyo. Lakini karatasi haiandikwi na mtu mmoja. Mkorea aeleze ni wakati gani mtu wa kwao husema galgeyo, Mtanzania aandike mtu wa kwetu angesema nini wakati huo huo. Wakae meza moja.

Hoja nyingine, ya wazazi hasa, ni kwamba mtoto akielezwa kwa Kiswahili Kiingereza chake kitalala. Aliyekuja kujifunza Kikorea afundishwe Kikorea. Kiingereza kina vipindi vyake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na nayaomba kwa wanaohusika. Wahadhiri wa Kiswahili na walimu wa Kikorea waandae kijitabu chembamba cha maumbo ya mipango na nia, kurasa zisizozidi 40, chenye mifano ya maisha ya hapa: daladala ya Jamatini, zabibu za Hombolo, kilimo cha mvua moja, safari ya treni, kumuuguza mgonjwa. Wenye madarasa ya kulipia, kabla ya kutoza ada, wamwonyeshe mwanafunzi karatasi watakazompa. Na wewe Mhariri, gazeti lako lina kona ya mafumbo ya maneno kila wiki. Naomba robo ukurasa kando yake, umbo moja la Kikorea kwa wiki, kwa Kiswahili. Uanze na galgeyo, maana ndiyo inayokosewa zaidi, na uweke mifano ya "acha nifanye mimi" kabla ya kanuni yoyote.

Kijitabu kikipatikana, nakala 50 za kwanza nitazitoa kopi na kuzibaindi kwa gharama yangu, zigawiwe kwa wanafunzi wasio na uwezo wa Ng'ong'ona, Makulu na Iyumbu. Karatasi ninazo, wino upo. Anayeandaa aniletee tu asili iliyo safi, isiyo na mistari ya kalamu, kwa sababu mashine yangu inachukua kila doa.

Wako,
Mama Upendo,
Mwalimu mstaafu, Ng'ong'ona, Dodoma